Mama Mzazi na Maziwa Yake



Katika somo hili tutazungumza juu ya mama aliyejifungua. Tutaona mwili wake unabadilika namna gani, na maziwa yake yanatoka wapi. Kama wewe ni mama kijana, somo hili ni lako. Kama wewe ni mume, mama mkwe, wifi au jirani, somo hili ni lako pia. Utaona sababu yake mbele.

Siku ya tatu

Tuchukue mfano wa nyumba moja katika kijiji kilicho karibu na Kitulo. Ni mwezi wa Julai. Asubuhi umande umeganda juu ya nyasi, mweupe kama chumvi. Ndani ya nyumba, mama kijana amekaa karibu na moto. Amejifungua mtoto wake wa kwanza kwenye zahanati. Leo ni siku ya tatu.

Mama huyu ana wasiwasi. Tumbo lake bado ni kubwa. Kila mtoto anaponyonya, tumbo linamkata. Damu bado inatoka. Usiku anatoka jasho, ingawa kuna baridi kali. Tangu alfajiri matiti yake yamejaa na kuwa magumu, na chuchu zinauma. Mtoto analia. Akipewa titi, analiachia na kulia tena.

Mama mkwe anamtazama mjukuu wake kwa huruma.

"Mwanangu," anasema, "mtoto huyu ana njaa. Maziwa yako ni machache. Ngoja nimkorogee uji mwepesi."

"Sawa, mama," anajibu mama kijana. Lakini machozi yanamtoka.

Je, mama huyu ni mgonjwa? Je, ni kweli maziwa yake ni machache? Je, uji utamsaidia mtoto? Soma polepole. Tutajibu maswali haya moja moja.

Mkoa wenye chakula, watoto waliodumaa

Kwanza tuone kwa nini jambo hili ni kubwa kwetu.

Mkoa wa Njombe una chakula kingi. Tunalima viazi, mahindi, ngano, maharage, njegere na parachichi. Kitulo kuna shamba la ng'ombe wa maziwa. Malori ya viazi hupita Makambako kwenda miji ya mbali. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha jambo la kusikitisha. Katika Mkoa wa Njombe, karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kwa Tanzania nzima, waliodumaa walikuwa watoto 30 katika kila watoto 100.

Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Lakini shida si ufupi tu. Mtoto huyo huugua kwa urahisi, na akiingia shule hupata taabu kujifunza. Udumavu huanza mapema sana. Huanza mama akiwa na mimba, na huendelea katika miaka 2 ya kwanza ya mtoto. Ukishapita wakati huo, ni vigumu sana kuurekebisha.

Sababu za udumavu ni nyingi. Kuna kuharisha, maji machafu, na chakula cha aina moja kila siku. Sababu nyingine ni kumpa mtoto uji kabla ya wakati wake. Na nyingine ni mzigo wa kazi wa mama. Mama anayelima, anayebeba kuni na kupika tangu alfajiri hadi usiku hapati nafasi ya kunyonyesha. Basi chakula kikiwa kingi ghalani, hiyo haitoshi. Lazima tujue kumlisha mtoto mchanga, na lazima tumpe mama nafasi ya kumlisha.

Mwili baada ya kujifungua

Turudi kwa mama wetu kijana. Mambo mengi yanayomtisha si ugonjwa. Ni mwili wake unaofanya kazi ya kurudi mahali pake.

Tumbo. Mfuko wa uzazi ulichukua miezi 9 kutanuka. Hauwezi kurudi kwa siku moja. Baada ya kujifungua, juu yake hufika karibu na kitovu. Baada ya wiki 2 hivi huwa umeshuka, na mkono hauugusi tena kutoka juu ya tumbo. Baada ya wiki 6 hivi hurudi karibu na ukubwa wake wa kwanza. Ngozi na nyama za tumbo huchukua miezi mingi zaidi. Michirizi hufifia, lakini haifutiki kabisa. Hiyo si aibu.

Tumbo kukata. Mtoto anaponyonya, mfuko wa uzazi hujibana. Ndiyo maana mama husikia maumivu. Kujibana huko kunazuia damu isitoke nyingi. Kwa hiyo mtoto anayenyonya humponya mama yake. Maumivu haya hupungua baada ya siku chache.

Damu. Siku 3 au 4 za kwanza hutoka damu nyekundu. Kisha rangi hufifia, na mwisho hutoka majimaji meupe au ya njano. Huweza kuendelea mpaka wiki 6. Oga kila siku kwa maji safi. Badilisha pedi au kitambaa mara kwa mara. Kitambaa kifuliwe kwa sabuni na kianikwe juani, si uvunguni.

Jasho na mkojo. Wakati wa mimba mwili uliweka maji mengi. Sasa unayatoa. Ndiyo sababu mama hutoka jasho usiku na kukojoa mara nyingi kwa siku kadhaa.

Nywele. Miezi 3 hivi baada ya kujifungua nywele nyingi hukatika. Usiogope, zitaota tena.

Baadhi yetu tuna desturi ya kumkanda mama tumboni kwa maji ya moto sana. Desturi hii ilitoka kwenye upendo, lakini ina hatari. Maji ya moto huunguza ngozi, na kukandamiza tumbo au kidonda huleta maumivu na madhara. Maji ya vuguvugu ya kuoga yanatosha. Kufunga tumbo kwa kitenge si kosa, mradi kisibane mpaka mama ashindwe kupumua vizuri. Aliyepasuliwa aulize kwanza hospitali.

Dang'a si uchafu

Katika siku za kwanza matiti hutoa maziwa machache, mazito, ya rangi ya njano. Haya huitwa dang'a. Zamani watu wengi waliyakamua na kuyamwaga. Walidhani ni machafu.

Lakini wafugaji wa Kitulo wanajua zaidi. Ng'ombe akizaa, ndama lazima anywe dang'a siku ile ile. Ndama aliyekosa dang'a huugua, na mara nyingi hufa. Mfugaji mwenye akili hamwagi dang'a ya ndama wake. Je, sisi tumwage dang'a ya mtoto wetu?

Dang'a ya mama ina kinga dhidi ya magonjwa. Ni kama chanjo ya kwanza ya mtoto. Pia humsaidia kutoa choo cha kwanza, kile cheusi. Dang'a ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto nalo ni dogo. Siku ya kwanza tumbo hilo hutosha kiasi cha kijiko cha chai tu. Basi kidogo hicho kinamtosha.

Mpe mtoto titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Usimpe maji, sukari, asali, maziwa ya ng'ombe, wala dawa ya mchango.

Maziwa hutengenezwa namna gani?

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu. Soma sehemu hii mara mbili.

Mtoto anaponyonya, chuchu hupeleka habari kwenye ubongo wa mama. Ubongo hutuma amri mbili kwa njia ya damu. Amri ya kwanza husema: tengeneza maziwa mengine. Amri ya pili husema: sukuma maziwa yatoke. Mtoto akinyonya mara nyingi, amri huja mara nyingi na maziwa huongezeka. Mtoto akinyonya mara chache, amri hupungua na maziwa hupungua.

Anayekamua ng'ombe anaijua kanuni hii. Ng'ombe akikamuliwa vizuri kila siku, hutoa maziwa. Akiachwa bila kukamuliwa, hukauka. 

Sasa tazama kitakachotokea mama mkwe akileta uji. Mtoto atashiba uji, kisha atalala. Hatanyonya. Matiti hayatapata amri. Kesho maziwa yatakuwa machache zaidi, na mtoto atapewa uji mwingi zaidi. Baada ya wiki chache watu watasema, "Tulijua tu, mama huyu hana maziwa." Kumbe uji ndio uliomaliza maziwa. Tena uji mwepesi ni maji matupu yenye unga kidogo. Hujaza tumbo lakini haujengi mwili. Na maji au kikombe kikiwa na uchafu, mtoto ataharisha.

Mama aliyechoka au mwenye hofu huweza kuona maziwa yanachelewa kutoka. Maziwa yamo, lakini amri ya pili imekwama. Mpe nafasi akae, apumzike, anywe kitu cha moto. Maziwa yatatoka. Maneno makali humkausha mama. Maneno mema humsaidia.

Utajuaje kwamba mtoto anashiba?

Kilio peke yake si dalili ya njaa. Mtoto hulia kwa baridi, kwa nepi iliyolowa, au kwa kutaka kubebwa. Angalia dalili hizi:

1. Kuanzia siku ya 5 hivi, anakojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mkojo hauna rangi kali.
2. Unamsikia akimeza anaponyonya.
3. Uzito wake unaongezeka kwenye kadi ya kliniki.

Usishtuke kama uzito unapungua kidogo siku za kwanza. Watoto wengi hupungua, kisha hurudisha uzito wao kabla ya wiki 2 au 3 kupita.

Jinsi ya kumshika mtoto

Chuchu za mama wetu kijana zinauma kwa sababu mtoto ameshika chuchu peke yake. Hivyo anaibana kwa fizi, na maziwa hayatoki vizuri. Fanya hivi:

1. Kaa vizuri, mgongo umeegemea. Ukipenda, lala ubavu.
2. Mgeuze mtoto mzima akuelekee. Tumbo lake liguse tumbo lako. Shingo yake isipindwe.
3. Gusa mdomo wake kwa chuchu. Ngoja afungue kinywa wazi kabisa.
4. Mlete haraka kwenye titi. Usipeleke titi kwake.
5. Aingize kinywani chuchu pamoja na sehemu kubwa ya duara jeusi linaloizunguka. Kidevu chake kiguse titi. Mdomo wake wa chini uwe umekunjuka nje.

Akishika vizuri, maumivu hupungua. Kama yanaendelea, ingiza kidole chako safi pembeni mwa kinywa chake, mwachishe taratibu, uanze upya. Usimvute kwa nguvu.

Nyonyesha kila mtoto anapotaka, mchana na usiku. Mara 8 hadi 12 kwa siku ni kawaida kwa mtoto mchanga. Usiache kunyonyesha usiku, maana amri ya kutengeneza maziwa ina nguvu sana wakati huo. Mwache amalize titi moja, kisha mpe la pili.

Shida za matiti

Matiti kujaa na kuwa magumu. Hutokea sana siku ya 3 mpaka ya 5, maziwa mengi yanapoingia. Mama wetu hana maziwa machache. Ana maziwa mengi! Titi limekuwa gumu mno hata mtoto anashindwa kulishika. Weka kitambaa chenye maji ya vuguvugu juu ya titi kwa dakika chache. Kamua kidogo kwa mkono mpaka titi lilainike. Kisha mpe mtoto anyonye. Baada ya hapo weka kitambaa cha maji baridi kupunguza maumivu.

Chuchu kupasuka. Rekebisha namna mtoto anavyoshika. Paka maziwa yako mwenyewe juu ya chuchu na uache yakauke. Usioshe chuchu kwa sabuni kila mara, kwa maana sabuni huzikausha.

Titi kuvimba, kuwa jekundu na la moto, pamoja na homa. Endelea kunyonyesha titi hilo, maana maziwa yakikaa ndani hali huzidi. Nenda zahanati siku ile ile. Ukichelewa linaweza kufanya jipu.

Baridi ya Kitulo

Uwanda wa Kitulo uko juu sana, karibu mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Mtoto aliyepatwa na baridi hulegea, na mtoto aliyelegea hanyonyi.

Joto zuri kabisa kwa mtoto ni la mama yake. Mvue nguo, mwachie nepi, kofia na soksi. Mweke kifuani pako, ngozi kwa ngozi, kisha jifunikeni blanketi pamoja. Mtoto atapata joto na atanyonya. Usimwogeshe mpaka siku moja ipite tangu kuzaliwa. Ukimwogesha, tumia maji ya vuguvugu, upesi, na umkaushe mara moja.

Sasa sikiliza onyo. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haionekani wala hainuki. Watu hulala usingizi na hawaamki tena. Kama umeota moto wa mkaa, litoe jiko nje kabla ya kulala. Moshi wa kuni nao huumiza mapafu ya mtoto. Usimlaze karibu na mafiga.

Mzigo wa mama ni mzigo wa nyumba

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama hawezi kunyonyesha mara 10 kwa siku huku akilima, akichota maji na kutafuta kuni. Maziwa hayatoki kwenye jembe. Hutoka kwa mama aliyekula, aliyekunywa na aliyepumzika.

Wewe baba, chota maji. Pasua kuni. Nunua sabuni. Mtoto akilia usiku, mwinue umpe mama yake. Hakuna kazi hapo inayopunguza uanaume. Unajenga mwili na akili ya mwanao.

Wewe mama mkwe, una uzoefu mkubwa. Mama kijana anakusikiliza kuliko anavyomsikiliza muuguzi. Ukisema "maziwa yako yanatosha," ataamini. Mkorogee uji mama, si mtoto.

Mama anayenyonyesha ahitaji chakula zaidi kila siku. Vyakula vyake viko hapa hapa. Apate viazi au ugali pamoja na maharage au njegere. Apate mboga za majani, parachichi na matunda. Ikiwezekana apate maziwa, yai au dagaa. Chumvi iwe ile yenye madini joto. Ameze vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Anywe maji kila anaposikia kiu.

Ulanzi, komoni na pombe nyingine huingia kwenye maziwa. Tena mtu aliyelewa anaweza kumlalia mtoto. Mama anayenyonyesha asinywe pombe. Wala mtoto asionjeshwe.

Mama mwenye kazi ya mshahara

Baadhi ya akina mama wa mkoa wetu wameajiriwa katika mashamba ya chai, viwanda vya mbao, maduka na ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawalinda. Mama aliyeajiriwa hupata likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, hupata siku 100. Akirudi kazini, mwajiri lazima amruhusu kunyonyesha wakati wa kazi, hadi saa 2 kwa siku. Baba naye ana haki ya likizo ya angalau siku 3.

Ukiwa mbali na mtoto, kamua maziwa kwa mikono safi na uyaweke kwenye chombo safi chenye kifuniko. Mlezi ampe mtoto kwa kikombe ndani ya saa 4. Asitumie chupa ya chuchu, maana ni vigumu kuisafisha.

Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi

Jambo hili tusilifiche. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa Mkoa wa Njombe ndio wenye kiwango kikubwa cha maambukizi kuliko mikoa yote ya Tanzania. Kati ya watu 100 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, karibu 13 walikuwa wakiishi na virusi.

Mama anayeishi na virusi anaweza kunyonyesha na mtoto akabaki salama. Njia ni hii. Ameze dawa zake kila siku bila kuruka. Mtoto apewe dawa ya kinga kama kliniki inavyoelekeza. Apelekwe kupimwa afikapo wiki 6, na tena kila atakapotakiwa. Kwa miezi 6 ya kwanza anyonye tu, bila maji wala uji. Kuchanganya titi na vyakula vingine mapema huumiza utumbo wa mtoto na kuongeza hatari. Baada ya miezi 6 mama ataelekezwa kliniki namna ya kuendelea.

Mama asiyejua hali yake apime. Baba naye apime. Maambukizi mapya wakati wa kunyonyesha ni hatari sana kwa mtoto.

Machozi, na mimba nyingine

Mama wengi hulia bila sababu katika siku 10 za kwanza. Mwili umebadilika ghafla na usingizi ni mdogo. Mpe faraja, itapita. Lakini kama huzuni inazidi wiki 2, kama mama hataki kula wala kumtazama mtoto, au anasema afadhali afe, huo ni ugonjwa. Si uvivu, wala si kurogwa. Unatibika. Mpelekeni kwenye kituo cha afya mara moja, na asiachwe peke yake.

Kunyonyesha huchelewesha mimba, lakini kwa masharti matatu. Mtoto awe chini ya miezi 6. Anyonye tu, mchana na usiku. Na mama awe hajaona siku zake. Sharti moja likivunjika, mama anaweza kushika mimba. Waulizeni wauguzi juu ya uzazi wa mpango mapema, mume na mke pamoja.

Dalili za hatari

Mpeleke mama haraka hospitali ukiona:

1. Damu nyingi, pedi au kitambaa kinalowa chote ndani ya saa moja.
2. Homa, au uchafu wenye harufu mbaya.
3. Kichwa kuuma sana, macho kuona giza, au degedege.
4. Kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma.

Mpeleke mtoto haraka ukiona:

1. Hanyonyi, au amelegea.
2. Ana homa, au mwili wake ni wa baridi hata akifunikwa.
3. Anapumua kwa shida au ana degedege.
4. Kitovu kinatoa usaha, au macho na ngozi vimekuwa vya njano.

Barabara zetu za milimani ni mbaya wakati wa mvua. Panga usafiri na fedha kabla ya siku ya kujifungua. Usiache kwenda kliniki katika wiki ya kwanza, na uendelee mpaka siku ya 42, hata kama unajiona mzima.

Miezi 6 imetimia

Turudi kwenye nyumba yetu. Siku ile muuguzi alipita kuwatazama. Alimwonyesha mama kijana jinsi ya kukamua kidogo na kumshika mtoto. Mtoto alifungua kinywa, akashika titi, akanyonya mpaka akalala. Mama mkwe alisikia akimeza. Akacheka. Ule uji ulikuwa tayari umekorogwa, basi akaongeza maziwa na kumpa mama mzazi aunywe.

Sasa ni Januari. Maua yamechanua Kitulo na viazi vimeota. Mtoto ametimiza miezi 6, na mstari wa kadi yake unapanda. Sasa ndiyo saa ya uji wake. Bibi anamkorogea uji mzito wa ulezi wenye maziwa. Siku nyingine anamponda viazi na maharage laini, karoti na parachichi. Titi halijaachwa. Ataendelea kunyonya mpaka atimize miaka 2 au zaidi.

Bibi hakunyimwa kazi yake ya kumlisha mjukuu. Alisubiri tu wakati wake ufike.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini tumbo la mama hukata mtoto anaponyonya?
2. Mfugaji hufanya nini na dang'a ya ng'ombe? Sisi tunapaswa kufanya nini na dang'a ya mama?
3. Eleza jinsi uji wa mapema unavyopunguza maziwa ya mama.
4. Kwa nini hatulali na jiko la mkaa ndani?
5. Katika kijiji chako, mama mzazi hupumzika siku ngapi kabla ya kurudi shambani? Nani hufanya kazi zake?
6. Andika majina ya watu wawili wa nyumbani kwako utakaowasomea somo hili.